Nilisema Naonja Tu

Kibosho, 3 Machi 2024

Mwanangu Mektrida,

Habari za Masama? Wazazi wako hawajambo? Mimi nikiketi tumbo linachoma hadi mgongoni, nikisimama magoti yanakataa. Mwandiko huu usikushangaze.

Kongosho limeharibika kabisa. Vidonge vya kusaga chakula, sindano ya sukari, mafuta marufuku. Pombe daktari aliniuliza mara tatu, mara tatu nikajibu sinywi. Mwalimu mzima nikajificha ndani ya neno “kuonja”: Jumapili wazee wakikutana kwetu, mkubwa ndiye huonja mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla ya wote. Nilionja. Kata nzima ya kibuyu, kila Jumapili.

Nilipozidiwa nikauambia ukoo kwamba wewe mkwe wangu unatia samli kwenye mtori wangu wa ndizi. Mumeo Denis hakukutetea, ukafunga mizigo ukarudi kwenu. Ulikuwa uongo. Sitaki kufa nao.

Baba yako,
Rogath

Masama, 20 Machi

Shikamoo Baba,

Huku wazima. Nilijua. Nani alikuwa anaiosha ile kata? Nilinyamaza kikaoni nisikuvunjie heshima, nawe ukanivunjia yangu.

Uongo uliusema mbele ya ukoo. Kuniandikia mimi ninachokijua kunasaidia nini?

Vidonge umeze na tonge la kwanza, si ukishamaliza kula kama ulivyozoea. Hapo havisaidii.

Mektrida

Kibosho, 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sikuistahili. Vidonge nimevisogeza kwenye tonge la kwanza.

Jana wazee wa ukoo walikuja wote. Nikapewa kata nionje. Nikaiinua, mbege ikanimwagikia surualini, nikawaambia yote. Mzee Ebenezeri akacheka: "Mwalimu, leo umelewa kabla ya kuonja!" Nikarudia polepole, kama ninawasomea imla. Hakucheka tena. Denis akaichukua kata mkononi mwangu, akaenda kuimwaga migombani.

Tangu hapo situlii. Kila gari likipanda kilima nauliza ni nani. Uji ndio pekee unaoshuka.

Baba

Masama, 15 Aprili

Shikamoo Baba,

Denis alifika jana, matope hadi kwenye soksi, akanieleza. Yeye bado nina maneno naye.

Nakuja Jumamosi. Mtori asiupike mtu. Nitaupika mwenyewe chini ya dirisha lako, uone kila ninachotia. Ukiiva, utaonja wewe kwanza.

Mwanao,
Mektrida