Kurumbiza wa Bustanini

Jumanne usiku

Na leo ilikuwa zamu yangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Kila jioni nakaa kwenye benchi lile la bustani, upande wa mtaa wa Kitete, namsikiliza kurumbiza. Ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Mwenzake akitua tu kwenye mti wake, huimba mpaka mgeni aondoke. Haya yote mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu.

Leo kaja na mke mdogo. Binti ana adabu. "Shikamoo, dada." Nikaitika marahaba, nikasogea wakae. Ndivyo tulivyolelewa, mke mkubwa hakunji uso mbele za watu.

Mume wangu akaanza kumweleza. "Unamsikia? Analinda eneo lake." Maneno yangu hayo. Hata kidole kakinyoosha kama ninavyonyoosha mimi. Hakunitazama.

"Na anayeshindwa huenda wapi?" binti akauliza.

Hilo sikuwahi kumfundisha mume wangu.

"Haendi mbali," nikasema. "Hukaa pembeni, kimya."

Walipoinuka, mume wangu akaniambia nisimngoje kula.

Chakula chake bado nimekifunika mezani.