Kidole Changu na RNA za Binti Glavu

Jumatatu, 4 Machi
Wageni maabarani. Profesa kamwita Binti Glavu awaelezee kazi yetu. Huyu ndiye mtafiti mpya — hubadilisha glavu kila dakika kumi, kama mwizi mwenye bidii. Akasema DNA ni daftari la vipimo la fundi cherehani, halitoki kabatini. RNA ni kikaratasi kinachonakiliwa humo, kikapelekwa cherehani. Huko kinasomwa, na gauni linashonwa. Gauni ndilo protini.
Makofi.
Mfano ni wangu! Mshonaji alikuwa mama yangu. Nilimpa Binti mfano huo mwenyewe juzi, wakati wa chai, na biskuti juu yake. Nikatoka nje kabla makofi hayajaisha.

Jumanne, 5 Machi
Profesa anamwita "mwanangu". Mimi, miaka kumi na tisa hapa nikitunza friji za sampuli, ni "mzee wa friji". Mke wangu kacheka: eti baba watoto, wivu na umri huu? Nikasema sina wivu. Akauliza mbona basi chai nimeitia chumvi.

Jumatano, 6 Machi
Binti Glavu alipokwenda kula nikafungua boksi lake la vimirija vya kunyonyea sampuli. Nilitaka kuona siri yake. Nikachomoa viwili vitatu, nikavirudisha. Hamna siri. Vimirija ni vilevile.

Alhamisi, 7 Machi
RNA zake zote zimeharibika. Picha ya kipimo inaonyesha ukungu mtupu — kikaratasi kimechanika kabla ya kufika cherehani. Profesa kasema mbele yetu kwamba kesho saa nne ataamua kama mkataba wake unaendelea.
Nilifurahi. Niandike ukweli, nani atasoma.
Halafu nikaenda kunawa. Juu ya sinki kuna tangazo: JASHO LA KIDOLE HULA RNA. VAA GLAVU. Mwandiko ni wangu.
Jana sikuvaa.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi Binti kanifuata. Baba, wewe mzoefu, nimekosea wapi? Nikamwambia tupa boksi lile. Hakuuliza kwa nini, kalitupa. Kisha akasema Jumatatu aliwaambia wageni mfano ni wa mzee wa friji, wakataka kuniona. Alinitafuta, hakunipata.
Saa nne. Naandika hapa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Profesa. Yeye yuko ndani. Nimeshabisha hodi mara moja, niseme kidole ni changu. Profesa kajibu: kama ni habari ya friji, isubiri.
Nimevaa glavu, sijui za nini. Nabisha tena.