"What a shame" ya Shangazi

Lulu, nimechefukwa hadi chai imenishinda. Mfyuuu!

Yule mama wa kizungu aliyefanya kazi na marehemu Baba bandarini amekuja leo huku Ujiji, kabeba na mchele wa rambirambi. Mkalimani nani? Shangazi Mwasiti, anayejifanya Kiingereza kakizaa yeye!

Mgeni kusikia Baba alibakiza mwezi tu astaafu, machozi yakamlengalenga. "What a shame!" Yaani "inasikitisha jamani", basi!

Shangazi akakohoa: "Anasema, aibu iliyoje!"

Aibu! Mama yuko eda, Lulu. AIBU!

Kabla sijafungua mdomo, Mama keshang'aka: "Mwambie aibu anayo yeye, anayekuja msibani kututukana!"

Na hiyo sasa, Shangazi akaitafsiri yote, hakukosea hata neno.