Waya Uliofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Baba Koku, uliye mbali kwa hiari yako,

Salamu sina. Nilikuwa nazo, nimezigawa kwa watu wanaozijibu. Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu simu zangu hupokei na kwa sababu hapa kijijini bado wapo wanaokuita injinia. Nataka nao wasome. Ninalotaka kwako ni jambo moja tu, na nalisema mapema kabla hujachoka kusoma, maana nakujua. Njoo umwambie mama yako, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba ile ajali ya umeme ilikuwa kosa lako. Yeye anaamini ni lake. Anaamini pia kwamba ulihama nyumbani kwa sababu alikuharibia boti. Mengine yote baki nayo, pamoja na hiyo sifa yako ya uinjinia.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka Mwanza. Ulikuwa umekaa kule miaka miwili ukipaka rangi boti za watu, kupaka rangi tu, Baba Koku, lakini ulirudi unatembea kama nahodha. Ulitukalisha mimi na mama yako jikoni ukatueleza kwamba boti za wenye nazo hazilali gizani. Zinafungwa gatini, unavutwa waya kutoka nchi kavu, na mwenye boti analala humo na taa, feni na soda ya baridi. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliacha mikono ndani ya ungo akakutazama kama yuko kanisani. Mimi nikakuuliza, hapa kwetu Kyerwa, kwenye haka kaziwa kalikojaa mafunjo na viboko, nani atakuja kulala kwenye boti? Ukasema watalii. Watalii! Tangu nizaliwe kule Kamuli mpaka nikaolewa hapa, mzungu pekee niliyewahi kumwona akishuka ziwani kwetu alikuwa amepotea njia. Aliuliza, akaelekezwa, akaondoka.

Sikatai, siku za kuijenga boti yako zilikuwa nzuri. Ulichukua mtumbwi mpana wa marehemu baba yako, ukaupandisha mbao pembeni, ukauzungushia bati kiunoni ili upendeze, ukausimamishia mlingoti wa mkaratusi. Tanga lilitoka kwenye turubai langu la kuanikia kahawa. Uliliomba kwa ile sauti uliyoitumia uliponichumbia, na mimi mjinga nikalitoa, msimu ule kahawa yangu ikakaukia chini kwenye vumbi na mnunuzi akaikunjia pua. Lakini siku ya kwanza upepo ulipolijaza lile turubai nilikaa mbele, wewe ukashika kamba, tukavuka hadi ng'ambo bila kupiga kasia hata mara moja. Ulinionyesha jinsi ya kuilegeza kamba upepo ukizidi. Ulisema, "Usibishane nao, upe nafasi." Nilikupenda siku ile. Inaniudhi kwamba bado naikumbuka vizuri hivyo.

Kisha ukaja huo umeme wako. Nyumba ilikuwa na umeme tayari, na ukaona fundi wa nini wakati wewe umeona kwa macho yako jinsi wanavyofanya Mwanza. Umeona kwa macho, ndiyo, ukiwa na brashi mkononi. Ulinunua waya mwembamba wa nyuzi mbili, ule wa kuning'inizia taa chumbani, tena vipande vipande, ukaupitisha dirishani, katikati ya migomba, juu ya vijiti vya panda, hadi kwenye mafunjo. Plagi hukununua. Ulichuna ncha mbili za waya, ukazitumbukiza kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Na pale vipande vilipounganishwa ukafunga kwa kamba kavu ya mgomba.

Hapo kila anayesoma atulie kwanza. Sisi huku tunafunga kila kitu kwa kamba ya mgomba. Tunafunga kuni, samaki, mzigo wa maharage, miguu ya kuku wa zawadi. Ni kamba nzuri na haina gharama. Lakini kwa Karagwe na Kyerwa zote, aliyewahi kufungia umeme ni wewe peke yako. Nilipokuuliza kwa nini usinunue tepu nyeusi kama mafundi wengine, ukanijibu kwamba mgomba haupitishi shoti, na kwamba hayo matepu ni ujanja wa wenye maduka. Kilikuwa kiangazi. Kamba zilikuwa kavu, taa ikawaka, friji lako dogo la mtumba likanguruma botini, watu wakaja kushangaa. Ulisimama pale ufukweni umeshika kiuno. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kubwa namna ile kwa kuwasha balbu moja mchana.

Wanawake waliokuwa wakifua karibu na boti wakaanza kulalamika kwamba maji yanawauma vifundoni. Niliingiza mkono wangu, nikauhisi unakufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Nilikuja kukwambia. Ukacheka mbele yao wote, ukasema ni visamaki vinadonoa. Umeme ulikuwa unavuja kupitia lile bati lako la urembo na kuingia ziwani, akina mama wamesimama humo na watoto mgongoni, na wewe unawasimulia habari za visamaki! Wakakuamini, maana ulikuwa umefika Mwanza.

Mwenye akili peke yake alikuwa mama. Aliogopa. Alikuuliza nikiwepo kama ule waya hauwezi kuua mtu. Unalijua jibu lako, lakini wanaosoma hawalijui, acha niwaambie. Nyumbani, kwa Kinyambo chetu, umeme tunauita kwa neno lilelile la moto, *omuriro*. Ukamshika bega ukamwambia, "Mama, huu ni omuriro tu. Kati ya moto na maji mkubwa nani? Pale ziwani hauna ujanja." Mama akatulia. Angekubishia vipi? Neno lenyewe alikufundisha yeye ulipokuwa unatambaa kuelekea mafigani, na wewe ukalichukua ukamdanganya nalo.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Kamba zako zote zikalowa. Kulipopambazuka, kile kiungo cha chini, karibu na maji, kikaanza kutoa moshi, na nyasi tulizotandaza chini ya migomba, bado kavu kwa ndani, zikashika. Wewe ulikuwa umeshatangulia senta kuwaeleza watu habari za watalii juu ya kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, asubuhi yote ile. Mama alikuwa anatoka kuteka maji. Akauona moshi, akafanya vilevile ulivyomfundisha. Alimwaga ndoo nzima juu ya kile kiungo, halafu kwa mkono uleule uliolowa akaushika waya auondoe kwenye nyasi ili shamba lako lisiungue. Nilisikia ndoo ikianguka. Yeye hakutoa sauti, kumbe mtu aliyeshikwa na umeme hapigi kelele. Nilikimbilia ndani nikazing'oa zile nyaya kwenye soketi kwa mwiko. Nilipomfikia alikuwa kwenye tope, anapumua, kiganja kimeungua hadi kuwa cheupe.

Nilimpeleka zahanati kwa pikipiki, nimemkumbatia kwa nyuma asidondoke. Uliporudi ulitukuta tumesharejea. Kabla hujautazama ule mkono uliuliza kama friji limepona. Sikusingizii, jirani alikuwepo na hajaacha kulisimulia. Kisha ukasimama mlangoni, ukamwambia mama yako aliyelala na bandeji hadi kwenye kiwiko, "Mama, nani alikwambia umwage maji?"

Akakuomba radhi. Mama yako, Baba Koku, alikuomba radhi wewe. Na wewe ukaipokea, ukatikisa kichwa kama hakimu mwenye huruma. Wiki haikuisha ukaaga kwamba unakwenda kutafuta spea. Hiyo spea imekuwa adimu kweli, maana huu ni mwaka wa tatu.

Nisikilize sasa nikusimulie kilichofuata, kwa sababu hukuwahi kuuliza. Nilimwita fundi kutoka Nyakakika, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Aliufuata waya wako kutoka dirishani hadi ziwani bila kusema kitu. Akafungua moja ya zile kamba za mgomba, akainusa, akaniuliza aliyefanya kazi hii amezikwa wapi. Nikamwambia hajafa. Akasema, "Basi ana bahati kuliko akili." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, cheko la kwanza tangu uondoke.

Akanieleza kwa lugha ambayo hata wewe ungeielewa kama ungeacha kujitia ujuaji. Umeme wa kupeleka botini unataka waya mnene wenye nyuzi tatu na ganda la mpira, ule wa tatu uende kwenye chuma kilichopigiliwa chini kwenye udongo wenye unyevu. Unataka swichi inayojikata yenyewe mara tu umeme unapoanza kuvuja, kabla mtu hajasikia ganzi. Soketi ya ufukweni ikae juu ya nguzo, iwe na kifuniko, na waya usiguse maji wala kulala kwenye mafunjo. Unachomeka kwanza ndipo unawasha, na kabla ya kuchomoa unazima. Nikamwambia sina uwezo wa vyote hivyo kwa sasa. Nilidhani atanipunguzia kimoja kimoja, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Akasema kama huwezi vyote, usipeleke waya ziwani kabisa. Akaniuliza hiyo boti inahitaji umeme wa nini hasa. Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza kwenye nyumba ile. Tulipofikiri vizuri tukakuta inahitaji taa moja na pampu ndogo ya kutolea maji yanayoingia. Friji la nini kwenye mtumbwi?

Kwa hiyo umeme hauendi tena ziwani. Betri ndiyo inapanda kilima. Tunaibeba watu wawili ndani ya sanduku la mbao lenye mishikio, inachajiwa sebuleni, mahali pakavu, kwenye plagi halisi, kisha inateremka. Ni nafuu na haijamuuma mtu. Najua utasema ni aibu, boti isiyokuwa na waya kama za Mwanza. Boti hiyo sasa inavusha ndizi na kahawa za watu, na mwezi uliopita ilimvusha mjamzito kwenda zahanati, taa ikiwaka na pampu ikifanya kazi. Kamba ya tanga nashika mimi. Mtalii hajaja bado.

Sasa juzi umekumbuka kwamba una mama. Umemtumia ujumbe wa sauti kwenye simu yake kwamba unakuja na wageni wako kutoka mjini, boti isafishwe, na waya urudishwe kama ulivyokuwa. Hukumuuliza hali. Hukuuliza mkono. Amewachezea ujumbe huo majirani wote hadi chaji ikaisha. Halafu akaja kwangu kwa unyenyekevu, akaniomba niutoe waya stoo niufunge kama zamani. Akasema, "Safari hii sitamwaga maji."

Waya haupo, nakwambia mapema usijisumbue. Niliukatakata nikaufungia uzio wa kuku. Boti nayo hutaigusa. Wageni wako wakitaka kuvuka, watapanga foleni na wenye ndizi. Sisemi hayo kwa hasira, hasira ilishaniisha zamani. Kilichobaki ni ile hali ya kumtazama mtu na kushangaa uliwahi kumpikia.

Nimemwambia mama ukweli mara nyingi. Nimemchorea chini kwa kijiti jinsi waya ulivyokuwa, nimemletea yule fundi akamweleza. Anatikisa kichwa. Anasema mke aliyeachwa lazima aseme hivyo. Kweli ikitoka kwangu haimfikii, ikitoka kwa fundi haimfikii. Anangoja ya kwako.

Jana asubuhi tulikuwa tunamenya ndizi za mchana. Vidole viwili vya ule mkono havikunjiki tena, kwa hiyo mimi namshikia ndizi, yeye anapitisha kisu kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mama Koku, unadhani amenisamehe?"

Miaka yote hii nimekusema vibaya kwa kila anayetaka kusikia, lakini sijawahi kukudharau kama nilivyokudharau dakika ile. Nikamwambia ndiyo, mama, amekusamehe. Akashusha pumzi ndefu, akasema Mungu akubariki huko uliko, akaomba ndizi nyingine.

Sina la kuongeza. Ubaki salama, kama anavyokuombea yeye kila siku.

Mimi,
mkamwana wa mama yako