Firimbi ya Antoine

Bukavu, tarehe 9 Machi 2019

Yaya Agnès, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu. Hapa tuko wazima, ni mafua ya watoto tu. Goti lako linaendeleaje?

Yaya, kuna neno. Juu milimani, Bijombo, wamefukua mifupa ya mtu mmoja, na imeletwa hapa hospitali ninapofanya kazi. Huenda ni shemeji Antoine, maana ni kule alikokwenda kufundisha mwaka jana, vita vikamfunika. Kwa kawaida, ili kumtambua mtu, labo hulinganisha chembe za mifupa na mate ya mzazi, ndugu au mtoto. Lakini jamaa zake wote waliisha katika vita vya kwanza, na ninyi hamkujaliwa mtoto. Basi tafuta kitu alichokitumia ambacho hakijaoshwa: mswaki, kitana, kofia.

Mdogo wako, Rémy

Uvira, Mulongwe, tarehe 17 Machi

Mdogo wangu Rémy,

Amani iwe kwako na watoto. Goti linauma mvua ikikaribia, mengine namshukuru Mungu.

Tulipomaliza kilio, mama wakubwa walifuata desturi: kila nguo ya Antoine ilishuka mtoni na sabuni, kisha ikagawiwa. Kofia anayo Sévère wa Kasenga. Anaivaa hata kanisani; ukimwambia avue, anasema kichwa chake kina baridi. Mswaki ulichomwa. Kitana kilisuguliwa kwa majivu.

Imebaki firimbi yake ya urefa. Hakuna aliyeitaka. Mama Spès, mmoja wao, alisema, "Weye, utaita nani nayo, mbuzi?" Iko kwenye msumari mlangoni. Lakini jioni huwa naipuliza kidogo, kama yeye alivyofanya akifika kona ya nyumbani, ili niteleke ugali. Tangu uandike sijaigusa. Je, nimeiharibu? Nataka kaburi, Rémy. Nimelia mtu asiye na mahali.

Dada yako, Agnès

Bukavu, tarehe 25 Machi

Yaya,

Salamu nyingi. Nimeuliza kwenye labo. Mate yako na yake yamechanganyika katika firimbi, lakini wakipata yako peke yake wanaweza kujaribu kuyatenganisha. Hawaahidi.

Usiifute. Vaa glavu, uitie katika bahasha ya karatasi, si sashe ya plastiki. Humo unyevu hukaa na kuozesha. Muuguzi wa kituo cha afya akusugue pamba ndani ya shavu, aiache ikauke, iingie bahasha yake. Yote mkabidhi mkononi dereva Toussaint, anayerudi Bukavu.

Mdogo wako, Rémy

Uvira, Mulongwe, tarehe 2 Novemba 2019

Mdogo wangu Rémy,

Nakusalimu katika siku hii ya marehemu. Goti limenisumbua leo, lakini kwa sababu nzuri: nimepiga magoti kupalilia kaburini. Mwaka jana sikuwa na pa kupalilia. Siku ile ya kumzika, Sévère alivua kofia bila kuambiwa.

Uliponiandikia kwamba ni yeye, nilikaa hadi ugali ukaungua. Nilikuwa nimeogopa kwamba wakitutenganisha, nitabaki mimi tu. Kumbe mdomoni mwa firimbi nilikuwa mimi, na ndani, chini ya ile gololi inayozunguka ukipuliza, walimkuta yeye.

Siku hizi nateleka bila kuitwa. Wakikurudishia ile firimbi, waambie wasiioshe.

Na ukiwasha mshumaa jioni, utukumbuke, yeye na mimi pamoja.

Dada yako, Agnès