Mbwa Amegoma Kuingia Garini

Binti yangu,

Nimekwenda kupanda mlima na mbwa. Tutalala hemani, turudi kesho jioni. Bomba la jikoni likaze sana, bado linavuja. Mama yako akitoka zamu, mpashie moto chakula kilichomo kwenye sufuria ndogo. Atasema hana njaa, usimsikilize.

Sweta lako la kijani usilitafute, ninalo mimi. Asubuhi mbwa aligoma kuingia garini. Nilimbembeleza, nikamkemea, hata biskuti nikamwonyesha, naye akaenda zake kujilaza mlangoni pa chumba chako. Nilipolitandika sweta kwenye kiti cha nyuma, mahali unapokaa siku zote, ndipo akapanda.

Sasa nieleweshe, maana nimefundisha miaka mingi na hili limenishinda. Jana ulisema, "Baba, mimi nimekua. Nenda na mbwa wako." Tangu lini amekuwa wangu? Juzi tu alikuwa wetu. Ulikuwa unatania, ulikuwa umechoka, au nimekukosea? Mbele yako nilicheka, lakini usingizi ukanipotea.

~~Usinipigie simu.~~ Nipigie.

Nimebeba lile hema kubwa, lisilosimama bila mtu wa pili kushika kamba. Sijui kwa nini. Viatu vyako vya mlimani viko mlangoni, nimevipiga brashi. Tutapumzika kwa mlinzi wa lango la msitu, pale basi linapoishia, mpaka adhuhuri. Mbwa ndiye atakayekuwa amechoka, si mimi.

Baba yako,
na mbwa wetu