Knight Maana Yake Mtumishi

Jumatatu, 8 Mei 1961

Daktari Harcombe kaniita ofisini kwake, kafunga mlango. Barua ya serikali imemfika – Malkia atamwekea upanga begani awe knight, aitwe Sir Lionel. Ni siri hadi Juni. Nikajifanya nimeshtuka. Nishtuke nini? Barua ya kumpendekeza niliiandika mimi mwenyewe mwaka juzi! Mtu hajipendekezi, kwa hiyo mimi nilitunga, rafiki yake profesa akatia sahihi.

"Bi Tapsell, hii ni yetu sote," kasema. Nikamuuliza habari za toleo la pili la kamusi yetu. Kaapa: majina mawili kwenye kitabu, lake na langu. Namwamini? Nataka kumwamini.

Alhamisi, 11 Mei

Sasa anataka nimwandikie hotuba kuhusu maneno ya "kitabu chake". Chake! Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye chumba kile cha chini, miguu ikifa ganzi, nikilifuatilia neno 'knight' karne hadi karne kwenye vikaratasi elfu nne. Yeye aliandika dibaji. Humo nimeshukuriwa kwa "kupiga taipu kwa uangalifu", baada ya mkewe, kabla ya paka.

Hotuba nimeandika hata hivyo. 'Knight' hapo kale ni kijana wa kutumwa, mtumishi wa nyumbani. Baadaye mtumishi mwenye silaha. Kisha mwenye farasi. Mwishowe bwana mkubwa, naye ana watumishi wake! 'Squire' ni mbeba ngao wake. 'Sir' ni mzee, basi.

Kaisoma amesimama. "Nzuri sana. Ila hapo pa mtumishi paondoe, patawachosha wageni."

Nikapaondoa. Mjinga mimi.

Jumamosi, 10 Juni

Orodha ya waliopewa vyeo imo magazetini. Lionel Harcombe, kwa utumishi wake kwa lugha. Mama kapiga simu toka Devon: "Si huyo bosi wako? Lazima una furaha!" Nikasema ninayo.

Jumatano, 12 Julai

Karamu ya chai bustanini kwao. Jana kapiga magoti mbele ya Malkia, leo anatembea kama aliyezaliwa na cheo hicho. Mgeni mmoja kamwita mkewe "Lady Muriel". Alivyomrukia! "Ni Lady Harcombe. Ningekuwa Lady Muriel kama baba yangu angekuwa earl, bwana wa ukoo mkubwa." Siku moja tu, na somo limemwingia.

Kasisi mzee akamuuliza Sir Lionel 'Lady' asili yake nini. Akanitafuta kwa macho juu ya sandwichi za matango. "Bi Tapsell, hebu mkumbushe kasisi." Nikamkumbusha: ni mwanamke wa kukanda mkate. Watu wakacheka, isipokuwa Lady Harcombe, ambaye kukanda unga hukusikia kwa jirani tu.

Pinnock, mwenzangu wa meza ya pili ofisini, akaninong'oneza: "Winnie, mpaka lini utamtafunia?" Nilimvizia Sir Lionel karibu na birika, nikauliza tena habari za majina mawili. "Leo siku ya furaha, Bi Tapsell. Tusiiharibu."

Hapo nilijua. Nilijua kabisa, na bado nikamshikia kikombe!

Ijumaa, 14 Julai

Asubuhi hii mjumbe wa mpiga chapa kaleta ukurasa wa kwanza wa toleo la pili. SIR LIONEL HARCOMBE, kwa herufi kubwa. Chini yake peupe.

Kusoma makosa ni kazi yangu, kwa hiyo umeletwa kwangu, si kwake. Bila sahihi yangu mtambo hauwashwi. Ndiyo desturi ya ofisi hii.

Nikampigia Sir Lionel simu. "Wachapishaji wanasema jina moja lenye Sir linauza zaidi. Wewe utakuwa kwenye dibaji, kwa heshima zote. Tia sahihi, uwe muungwana."

Muungwana! Nimekwenda kulia msalani, nikanawa uso, nikarudi. Nina hasira.

Fomu inauliza: Kuna kosa lolote ukurasa huu? Nimeandika Ndiyo. Chini yake: Eleza kosa. Wameacha mstari mmoja. Mjumbe wa mpiga chapa kavua kofia, amekaa mlangoni, anatazama saa.

Nimeshaandika maneno mawili – "Mwandishi ni". Simu inalia. Pinnock kaipokea, kaziba mdomo wa simu kwa kiganja. "Ni Sir Lionel. Anauliza kama umeshamaliza." Naongeza neno la tatu: Tapsell.